Kumtisha mtoto wa jirani kuna adabu zake

Mtu mzima anayepamba nyumba yake ili imtie hofu mtoto wa watu amebeba dhamana juu ya mtoto huyo, hata kama hamjui jina wala hawajui wazazi wake. Huo ndio msimamo wangu kuhusu Halloween, na nautoa nikiwa mkazi wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako kila Oktoba mitaa mizima hugeuzwa makaburi ya mchezo. Wapo ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki wanaoiona sherehe hii upuuzi mtupu, na wapo wanaoiona kazi ya shetani. Kwangu ni jambo zuri linaloharibiwa na watu wasiojua kipimo.

Kwa msomaji wa Kisumu au Tanga ambaye Halloween anaijua kwa filamu tu, mambo huenda hivi. Jioni ya Oktoba 31, jua likishazama, watoto waliovaa kama paka, mizuka, mabinti wa kifalme na wazima moto hutoka na ndoo za plastiki, wengine na foronya za mito. Hupita nyumba kwa nyumba wakibonyeza kengele. Mlango ukifunguliwa husema kwa pamoja maneno yao ya miaka yote: tupe kitamu, la sivyo tutakufanyia vituko. Mwenye nyumba huyasifu mavazi, hutia peremende ndooni, nao hushukuru na kukimbilia nyumba inayofuata. Kanuni yao kuu haijaandikwa popote. Taa ya mlangoni ikiwaka, karibu. Ikiwa imezimwa, pita. Hata mtoto wa miaka minne anaijua.

Kwa wiki kadhaa kabla ya jioni hiyo, wenye nyumba huwa wanapamba. Boga hukatwa kifuniko, hukombwa mbegu na nyuzinyuzi zake, huchongwa macho na meno, kisha ndani huwekwa mshumaa. Utando wa buibui wa pamba hutandazwa juu ya vichaka. Mawe ya makaburi yaliyochongwa kwa povu gumu husimikwa kwenye nyasi, na mkono wa plastiki huchomoza ardhini kando yake. Tangu 2020 pameongezeka jitu. Duka la vifaa vya ujenzi la Home Depot lilileta kiunzi cha mifupa ya mtu chenye urefu wa futi 12, zaidi ya mita tatu na nusu, kwa dola 299, na watu wakakigombania mpaka kikaadimika. Siku hizi ukikatiza vitongoji vya huku utakikuta kimesimama mbele ya nyumba, kichwa kikiwa sawa na madirisha ya ghorofani.

Sherehe yenyewe ilivuka bahari. Chimbuko lake ni Ireland na Scotland, ambako Wakelti wa kale waliadhimisha mwisho wa mavuno na kuingia kwa majira ya giza kwa sikukuu ya Samhain, wakiamini kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na wafu hulegea. Kanisa lilipoiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote Novemba 1, mkesha wake ukabeba mila nyingi za zamani. Waairishi walichonga mizizi migumu ya turnipi. Baada ya njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845 walihamia Marekani kwa mamia ya maelfu, wakakuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na halimsumbui mwenye kisu.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo wapambaji wengi wa leo wamelisahau, nalo ndilo linalonifanya niandike. Zamani walioshika hofu ya usiku huo mkononi walikuwa watoto na vijana. Mwanzoni mwa karne ya 20 waling'oa malango ya watu, wakapandisha mikokoteni juu ya mapaa na kufungulia mifugo. Kaskazini mwa Minneapolis kuna mji mdogo uitwao Anoka. Masimulizi ya mji huo yanasema kwamba wakazi walichoka kuamka asubuhi ya Novemba 1 na kukuta ng'ombe wakizurura barabara kuu. Mwaka 1920 wakawaandalia watoto gwaride na vitafunio ili usiku huo uwe na kazi nyingine. Gwaride hilo lipo mpaka leo, na Anoka hujiita mji mkuu wa Halloween duniani. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili sukari ilikuwa ya mgawo, ikabana mambo. Ilipopatikana tena, desturi ya watoto kupita wakiomba peremende ikaenea nchi nzima.

Kwa hiyo peremende ilikuwa bei ya amani. Mtoto, ambaye mwaka mzima huamrishwa na kila mtu, usiku mmoja alipewa nafasi ya kugonga mlango wa mtu mzima na kumtishia, na mtu mzima akakubali kushindwa. Uzuri wote wa sherehe umo humo. Sasa tazama kilichotokea tulipoanza kujaza nyua zetu mashine za moshi, maiti bandia na vihisi vinavyofyatua ukelele mtoto akikanyaga ngazi: tumemnyang'anya mtoto ile hofu tukaigeuzia kwake. Mwenye nyumba, mwenye umeme, mwenye urefu na mwenye pesa ndiye anayetisha. Simkatazi. Namwambia kwamba aliyeshika nguvu ndiye mwenye wajibu wa kupima.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja, seremala mstaafu, ambaye anajua kupima. Mapambo yake mengi huyatengeneza mwenyewe. Hukunja waya wa banda la kuku mpaka upate umbo la gauni lililosimama bila mtu ndani, hulifunika kitambaa chepesi cha kuchujia jibini, kisha huweka taa ya bluu chini yake. Ukiwa upande wa pili wa barabara utaapa kwamba kuna mwanamke anayeelea. Kwenye ua wa vichaka huficha vile vibomba vya karatasi vinavyobaki shashi ya chooni ikiisha. Kila kibomba amekitoboa matundu mawili ya macho na ndani ametia kijiti kinachong'aa. Giza likiingia, kichaka kizima kinakutazama. Gharama yake haifiki bei ya sahani ya chakula mkahawani.

Yeye mwenyewe hukaa barazani kwenye kiti, amevaa gunia kichwani, nyasi kavu zimejitokeza kwenye mikono ya shati lake, bakuli la peremende likiwa mapajani. Watoto husimama chini ya ngazi wakibishana kama ni mtu au sanamu. Kwa wale wa miaka kumi na kuendelea husubiri mpaka mkono uguse bakuli, ndipo hugeuza shingo polepole. Hasemi neno. Wanapiga kelele zinazosikika mtaa wa pili, wanakimbia, halafu wanarudi kuchukua peremende zao. Mwaka jana alikuja mtoto mdogo aliyevaa kama nyuki, mabawa yakiwa yamefungwa juu ya koti zito kwa sababu ya baridi. Alisimama kwenye ngazi ya kwanza, kidole cha baba yake kiganjani, akakataa kusogea. Mzee akalivua gunia pale pale, akatabasamu, akamwambia, "Ni mimi tu, babu wa nyumba hii. Njoo ukae hapa unisaidie kumtisha kaka yako." Nyuki akapanda ngazi zote, akajificha nyuma ya kiti, na kaka yake alipofika, aliyeruka na kupiga ukelele barazani alikuwa nyuki.

Nimeona nyumba zenye vifaa vya maelfu ya dola ambazo hazikufanya kitu kizuri kama kile. Mzee yule alimrudishia mtoto nguvu yake.

Sayansi nayo iko upande wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliwafunga watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakawaingiza katika nyumba ya kutisha mjini Vejle, wakachapisha matokeo yao 2020 katika jarida la Psychological Science. Waligundua kwamba waliofurahia zaidi ni wale walioshtuka kiasi. Hofu ikiwa ndogo mno, mtu hachangamki. Ikizidi, raha yote huondoka. Na watu wale walikwenda kwa hiari yao, wakijua wanachokifuata. Mtoto wa miaka mitatu aliyevalishwa mabawa na mama yake hajui anachokifuata, na katika umri huo mpaka kati ya kitu cha kweli na kitu cha kuigiza bado haujakaa sawa kichwani.

Bibi zetu walilijua hilo bila kumpima mtu mapigo. Hadithi ya zimwi ilisimuliwa usiku, sauti ikishuka kila zimwi linapokaribia, lakini msikilizaji alikuwa ameegemea goti la msimuliaji. Bibi akiona mdogo kuliko wote amejifunika kanga mpaka utosini, zimwi lilianguka shimoni kabla ya wakati wake. Walimtisha mtoto wakiwa wamemshika.

Kipimo hicho kingefuatwa, fedha nyingi zingebaki mfukoni. Shirikisho la Wauzaji wa Rejareja la Marekani, linaloitwa National Retail Federation, lilikadiria kwamba mwaka 2023 Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa Halloween, na kati ya hizo karibu bilioni 3.9 zingeishia kwenye mapambo. Nyingi ya bidhaa hizo ni plastiki inayopiga kelele kwa betri na kuishia jalalani Novemba. Hila zinazotisha kwa kweli ni za zamani na ni rahisi. Mwaka 1862 mwalimu wa sayansi jijini London, John Henry Pepper, aliwaonyesha watu mzuka jukwaani kwa kutumia kioo kikubwa safi kilichoinamishwa. Mwigizaji alifichwa chini mahali penye mwanga mkali, taswira yake ikagonga kioo, na watazamaji wakaona mtu wanayeweza kuona vilivyo nyuma yake. Nyumba ya mizuka ya Disneyland, iliyofunguliwa 1969, inatumia kanuni hiyo hiyo katika ukumbi wake wa dansi. Nyumbani unaweza kuifanya nyuma ya dirisha la sebule kwa bamba la plastiki angavu, skrini ya zamani iliyolazwa chini yake na chumba chenye giza. Mzuka wa namna hiyo una adabu, maana unabaki ndani ya dirisha. Mtoto huuangalia akiwa njiani, kwa umbali anaouchagua mwenyewe, na akitaka husogea.

Umbali huo ni jambo kubwa. Pambo linalomngoja mtoto lionwe humwachia uamuzi. Pambo linalomrukia humnyima. Wenye mashine za kufyatuka naomba waziweke mbali na njia ya kufikia mlango, na swichi iwe mkononi mwa mtu anayeona nani anakuja.

Kuna mapambo mengine ambayo hata hiyo swichi haiwezi kuyasafisha. Naanza na miili iliyoning'inizwa kwa kamba kwenye miti. Kila mwaka huonekana mahali fulani, na kila mwaka mwenye nyumba hujitetea kwamba ni mchezo. Nchi hii ina historia ya miti hiyo. Shirika la Equal Justice Initiative la Montgomery, Alabama, limekusanya kumbukumbu za watu weusi zaidi ya 4,400 waliouawa na magenge ya wazungu kati ya 1877 na 1950, wengi wao kwa kunyongwa hadharani, na mwaka 2018 likafungua mnara wa kuwakumbuka katika mji huo. Mtoto mweusi akipita chini ya mti wenye mwili wa plastiki unaobembea, mzazi wake hana jibu la kumpa ambalo halimtaji mtu wa kweli. Mwenye nyumba huenda hakukusudia ubaya wowote. Auteremshe tu.

Nachukizwa vilevile na vinyago vya waganga wa Kiafrika wenye mfupa puani, na nyua zinazopambwa kama hospitali za wagonjwa wa akili, mgonjwa akiwa amefungwa mikono na kupakwa damu. Watu hao wapo. Wengine ni majirani zetu, wengine ni ndugu zetu wa damu.

Halafu kuna watoto waliokimbia vita. Kwa miaka kadhaa mpaka 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa juu kabisa katika orodha ya nchi walikotoka wakimbizi waliopewa makazi Marekani, na Kiswahili kimesikika katika miji ambayo haikukijua. Hapa Minnesota wako pia Wasomali wengi waliokulia katika kambi za Dadaab na Kakuma, ambao Kiswahili chao ni cha Kenya. Baba mmoja kutoka Kivu aliniambia kwamba binti yake alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya nyumba iliyotandazwa viungo vya watu na damu bandia kuelekea kituo cha basi la shule. "Kaka, mimi nilitoka naye huko akiwa mgongoni," alisema. "Nilifikiri ameshasahau." Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumpa pole. Ila namwambia mwenye nyumba ile, na wenzake wote: pambo lako linakaa mwezi mzima, mchana na usiku, kwenye njia ya watoto ambao hawakuja kuomba peremende. Unaweza kupamba kwa popo, mapaka, mafuvu, vizuka na maboga mpaka paa lijae, na hakuna mtoto atakayekumbuka maiti aliyemwona kwa macho yake. Viungo vilivyokatwa ni habari nyingine.

Kwa upande wetu sisi wahamiaji tuna letu la kusahihisha. Nyumba nyingi za watu wetu huzimwa taa jioni hiyo. Anayekataa kwa ajili ya dini yake namheshimu, na majirani hawana haki ya kumnunia. Kanuni ya taa ilitungwa kwa ajili yake pia. Yapo makanisa yanayokusanya magari uwanjani, yakafungua buti zilizopambwa bila vitisho na kugawa peremende humo, na hilo ni jibu jema. Lakini wengi wanaozima taa hawajakataa kwa imani. Wanaogopa wageni, au wanadhani lazima wawe na mizuka ndipo washiriki. Mizuka si sharti. Waswahili wa Oman wanajua vizuri kwamba mtoto anaweza kupita nyumba kwa nyumba na kurudi na mfuko umejaa bila kutishwa na kitu. Usiku wa kuamkia katikati ya Ramadhani, katika sherehe iitwayo Qaranqasho, watoto huimba mlangoni na kupewa peremende na karanga. Furaha ya kufunguliwa mlango inatosha yenyewe. Weka boga moja lisilochongwa, washa taa, kaa na bakuli.

Hofu ya wageni nayo naomba tuipime kwa ukweli. Kila mwaka huzuka uvumi wa peremende zenye sumu. Mwanasosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia taarifa hizo tangu zile za 1958, na hajapata kisa kilichothibitika cha mgeni aliyemuua mtoto kwa peremende aliyoigawa Halloween. Katika kisa maarufu zaidi, cha Texas mwaka 1974, mtoto alilishwa sumu na baba yake mzazi. Kinachoua usiku huo ni magari. Utafiti uliochapishwa katika JAMA Pediatrics, uliopitia ajali za Marekani za 1975 hadi 2016, ulionyesha kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa barabarani jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni za karibu yake. Ninyi mnaopamba, hilo linawahusu. Moshi wa mashine ukivuka mpaka barabarani, dereva hamwoni mtoto. Waya wa umeme uliovuka njia ya mlangoni huangusha mtoto ambaye kinyago kimemziba nusu ya macho. Mshumaa ulio kwenye kimo cha gauni la binti wa kifalme unaweza kuliwasha. Taa ndogo ya betri hufanya kazi ile ile.

Kuna desturi moja mpya ninayotamani isambae mpaka kila mtaa. Tangu 2014 shirika la FARE, linalohudumia watu wenye mzio wa vyakula, limekuwa likihimiza nyumba ziweke mlangoni boga lililopakwa rangi ya bluu-kijani, kuwa ishara kwamba hapo pana vitu visivyoliwa: penseli, vibandiko, mpira mdogo. Mtoto ambaye karanga zinaweza kumuua anaona boga lile kutoka mbali na kujua kwamba nyumba ile ilimfikiria kabla hajafika. Katika mapambo yote ya msimu huu, hilo ndilo ninalolipa nafasi ya kwanza.

Basi mwaka huu, wewe unayesoma haya ukiwa Minneapolis, Louisville au Toronto, kabla hujapandisha ngazi na kuanza kufunga taa, piga magoti kwenye njia yako ya mlangoni na uitazame nyumba yako kwa kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Kitakachokukera kutoka hapo, kiondoe. Kilichobaki kifanye kitishe kadiri unavyoweza. Na ninyi mliozoea kuzima taa bila sababu ya imani, iwasheni saa kumi na mbili jioni, Oktoba 31, muwe na peremende za kutosha, kwa sababu watoto watakuja.